Kutoka Dalili Hadi Chanzo: Matatizo ya Kupaka Rangi na Kucheza na Vijisanamu vya Vita vya Anga

Tatizo la kijisanamu mara nyingi halionekani pale lilipozaliwa. Linajitokeza hatua moja au mbili mbele. Rangi inabanduka begani mwa askari wa anga, mwenyewe anailaumu rangi, ananunua nyingine ya bei mbaya, nayo inabanduka vilevile kwa sababu kasoro ilianzia kwenye kuosha. Vanishi inageuka nyeupe, lawama zinaiangukia chupa, kumbe ni unyevunyevu wa siku ile. Mezani nako, majeshi ya vijisanamu yanapopambana kwa dadu, ni yaleyale: anayepigwa raundi ya nne huwa alishapigwa wakati majengo yanapangwa. Kwa hiyo ukiona dalili, usikimbilie kuitibu palepale. Rudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, hadi ufike mahali ambapo kila kitu kilikuwa bado sawa.

Na usirekebishe kitu kibichi. Rangi ya akriliki hukauka juujuu kwa dakika chache, lakini chini bado ni laini, na brashi ikirudi hapo inaivuta na kuacha shimo. Madoa mengi yanayomtisha mtu saa mbili usiku hayapo tena asubuhi, hasa ya rangi ya kivuli, ile ya majimaji inayopakwa ili kutia giza mifereji, ambayo ikiwa mbichi hung'aa na kuonekana nzito kuliko itakavyokuwa.

Kabla ya yote, jua kimetengenezwa kwa nini

Vijisanamu vingi ni vya plastiki ngumu ya polistireni, ile inayokuja ikiwa imeshikana na fremu zake. Vingine ni vya resini iliyomiminwa kwenye kalibu, vingine vya chuma cheupe, vingine vya plastiki laini ya PVC inayokuja ndani ya boksi la mchezo ikiwa imeshaungwa, na siku hizi vingi huchapwa kwa printa za resini. Kama hujui ulicho nacho, kwangua kwa kisu mahali pasipoonekana, chini ya mguu kwa mfano. Polistireni hutoa uzi mwembamba unaojikunja. Resini hutoa unga. PVC haikwanguliki vizuri, inavutika na kuacha manyoya, na upanga ukiupinda unarudi taratibu. Chuma utakijua kwa uzito.

Hapo tu umeshajibu malalamiko ya "mkono haushiki". Gundi ya plastiki haifanyi kazi kwa kunata. Inayeyusha polistireni pande zote mbili na kuzifanya kitu kimoja. Kwenye resini au chuma haina cha kuyeyusha, hata ukisubiri mpaka kesho kutwa, huko inatakiwa supaglu. Na hata kwenye polistireni, kama sehemu za kuungia umeshazipaka rangi, gundi inaishia kwenye rangi bila kuifikia plastiki. Kwangua kwanza.

Supaglu ina udhaifu wake: ukivuta inashika, ukigonga kwa ubavu inakatika. Roboti nzito ya chuma inayosimama kwa mguu mmoja inahitaji pini. Toboa pande zote mbili kwa keekee ya mkono, tundu la milimita 1, ingiza kipande cha waya wa shaba, ndipo utie gundi. Ukiona ukungu mweupe umezunguka kiungo, huo ni mvuke wa supaglu uliotua na kuganda juu ya uso, na huzidi gundi ikiwa nyingi au hewa ikiwa haizunguki. Kwenye sehemu utakayoipaka rangi hauna neno. Kwenye kioo cha chumba cha rubani cha ndege ya anga ni balaa, kwa hiyo vioo viungwe kwa gundi nyeupe ya PVA, ambayo ikikauka huwa angavu.

Upanga au bunduki iliyopinda, ikiwa ya resini au PVC, itie kwenye maji ya moto, inyooshe kwa vidole, kisha itumbukize kwenye maji baridi ikiwa bado umeishikilia. Polistireni usiijaribu hivyo.

Rangi inabanduka

Okota ganda lililobanduka, ligeuze, uangalie upande wa chini. Hapa ndipo watu wanaporuka hatua, na jibu lote liko hapo.

Kama ganda limeng'oka pamoja na praima, ile rangi ya chini inayopakwa kwanza ili nyingine zishike, na unaona resini au plastiki tupu, kasoro iko kati ya kijisanamu na praima. Mtuhumiwa wa kwanza ni mafuta ya kalibu, yale yanayopakwa kiwandani ili kipande kitoke bila kung'ang'ania, na resini huja nayo zaidi kuliko plastiki. Wa pili ni mafuta ya vidole vyako mwenyewe. Dawa ni ileile: maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo, mswaki wa zamani, suuza, acha kikauke kabisa. Maji ya moto usitumie, yanapinda resini.

Kwa resini iliyochapwa, tazama kama uso unanata. Kunata maana yake haijaiva. Inatakiwa ioshwe kwa alkoholi ya isopropili, ikaushwe, kisha iwekwe chini ya mwanga wa urujuanimno, ambao kwa printa nyingi ni wa nanomita 405. Resini mbichi ni sumu kwa ngozi, vaa glavu, na usiifunike kwa praima ukidhani umelimaliza tatizo. Umelifungia ndani.

Kama ganda limeng'oka ila praima imebaki, kasoro iko juu ya praima. Labda praima ilikuwa ya kung'aa mno na rangi haikupata pa kushika. Au, na hili ndilo la kawaida zaidi, rangi ilizimuliwa kwa maji mengi kupita kiasi. Ndani ya rangi kuna gundi ya akriliki inayoshikilia chembe za rangi. Ukimwaga maji unaipunguza hiyo gundi, na kinachobaki juu ya kijisanamu ni vumbi la rangi lisilo na wa kulishika. Ukitaka rangi nyepesi sana, zimua kwa midiamu ya akriliki, ambayo ni ile gundi bila chembe za rangi, badala ya maji matupu.

Na kama ni pembe tu zilizochakaa, ncha za mabega, mdomo wa bunduki, ukingo wa kofia, basi hakuna kilichobanduka. Ni kusuguliwa na vidole. Hiyo ni kazi ya vanishi, na ya kujifunza kushika kijisanamu kwa kitako chake, kile kibao kinachosimamia.

Kuna kisa kimoja cha pekee. Praima ya kupuliza juu ya PVC wakati mwingine haikauki kamwe. Wiki inapita, kidole bado kinanasa. Hakuna ulichokosea katika kupuliza. Kemikali inayoilainisha PVC na viyeyusho vya kopo hazipatani. Kwa PVC tumia praima ya akriliki ya kupaka kwa brashi, na ujaribu kwanza kwenye kimoja usichokipenda.

Praima imetoka na changarawe, au imefunika sura

Dalili mbili, umbali uleule ukikosewa kwa namna mbili. Ukipuliza kutoka mbali, au siku ya joto kavu, matone yanakauka hewani na kutua yakiwa chembechembe. Ukipuliza karibu, rangi inajaa machoni na kwenye mishono ya deraya. Sentimita 20 hadi 30 ni umbali salama kwa makopo mengi. Tikisa kopo dakika mbili nzima, na saa ikiwa mbele yako, kwa sababu dakika mbili za kukisia huwa nusu dakika. Anza kupuliza nje ya kijisanamu, pita juu yake, malizia nje. Puliza mahali penye hewa, na barakoa usoni.

Changarawe ikiwa kidogo, isugue kwa mswaki mkavu. Ikiwa nyingi, vua yote uanze upya. Kupaka rangi juu ya changarawe kwa matumaini kwamba itajificha ni kujitafutia hasira, maana brashi kavu, yaani yenye rangi kidogo tu iliyofutwa kwenye tishu, itakapopita huko juu, kila punje itang'aa.

Rangi haifuniki, au imefunika kupita kiasi

Ushauri wa "rangi iwe kama maziwa" umeenea kila mahali na haujamsaidia mtu, kwa sababu maziwa yenyewe hayafanani. Fanya hivi: chukua rangi kwa brashi, kausha kidogo kwenye tishu, chora mstari juu ya kucha ya kidole gumba. Mstari ukikatika na kuonyesha mikwaruzo ya brashi, ni nzito. Ukitambaa kuelekea pembeni mwa kucha, ni nyepesi mno. Ukibaki pale ulipouchora huku kucha ikionekana kidogo chini yake, uko tayari, na tabaka la pili litamaliza kazi.

Kuna rangi zisizofunika hata ukifanya kila kitu sawasawa: njano, nyekundu angavu, machungwa. Chembe zake nyingi kwa asili hupitisha mwanga, na njano juu ya praima nyeusi huwa kijanikijani cha kuumwa. Tatizo liko chini yake. Paka kwanza kahawia ya manjano au waridi, halafu njano. Tabaka mbili zitatosha mahali ambapo ungepaka sita. Nyeupe ni shauri jingine. Ikipakwa nene inakuwa na unga kama chokaa, kwa hiyo anza na kijivu hafifu au rangi ya mfupa, na nyeupe yenyewe uiweke akiba kwa kingo za mwisho. Jeshi lote la deraya nyeupe ni mradi wa mtu mwenye subira. Simkatazi mtu, ila namwonya.

Rangi ikikaukia kwenye paleti kabla hujaitumia, tengeneza paleti ya unyevu: sahani, sponji iliyoloana, karatasi ya kuokea juu yake. Maji yanapanda taratibu na rangi inakaa saa nyingi.

Alama za maji: duara nyeusi mahali palipotakiwa kuwa safi

Tazama bamba la bega la askari, lile kubwa la mviringo. Umelipaka rangi ya kivuli, ukaliacha. Kwa dakika ya kwanza ni zuri, limelowa sawasawa. Kisha ukingo wa dimbwi unaanza kukauka kabla ya katikati. Maji yaliyobaki katikati yanasogea kwenda kuziba pengo la ukingoni, na yanapokwenda yanabeba chembe za rangi. Chembe zinafika ukingoni, maji yanapaa, zenyewe zinabaki. Baada ya nusu saa una katikati iliyofifia na duara nyeusi pembeni, na hukuona ilipotokea.

Ukishaelewa hilo, dawa zinajileta zenyewe. Punguza dimbwi: brashi safi yenye unyevu kidogo ukiigusisha kwenye dimbwi itanyonya ziada, na ufanye hivyo ndani ya dakika ya kwanza, kabla ukingo haujaanza kukauka. Ongeza midiamu isiyong'aa kwenye rangi ya kivuli ili chembe zisisafiri kirahisi. Au usilowanishe bamba lote. Peleka kivuli kwenye mishono, maungio na mifereji tu, kwa ncha ya brashi, na nyuso pana ziache. Vifaru na roboti, ambavyo ni mabamba matupu, karibu kila mara vinahitaji njia hii ya mwisho.

Duara ikishakauka usiisugue kwa maji. Rudi na rangi ya msingi, upake uso wa bamba na kuacha kivuli kwenye mifereji. Utajikuta umefanya hatua ya kwanza ya kung'arisha, yaani kuzipa nyuso za juu rangi angavu zaidi, bila kukusudia.

Tahadhari moja: baadhi ya rangi za haraka, zile zinazopaka msingi na kivuli kwa mkupuo mmoja, huyeyuka tena zikiguswa na maji hata baada ya kukauka. Ukiona nyeupe yako inageuka rangi ya kilicho chini yake, ndio hao. Weka vanishi katikati.

Kumetameta kila mahali

Rangi za metali zina vipande vidogo vya kung'aa ndani yake, na vinahamia kwenye maji ya kuoshea brashi. Kikombe kimoja kwa metali, kingine kwa rangi nyingine, basi. Na usishangae metali ikififia baada ya vanishi isiyong'aa. Ndiyo kazi ya hiyo vanishi. Rudisha kingo zake kwa metali mbichi mwisho kabisa.

Ncha ya brashi imepinda au imegawanyika

Brashi ya nyuzi za kutengenezwa hupinda ncha kwa matumizi ya kawaida, hakuna dawa ya kudumu, ifanye ya brashi kavu. Ya manyoya ya asili ikigawanyika, ni rangi iliyokaukia ndani ya ile pete ya chuma inayoshika manyoya. Chovya nusu ya manyoya tu, osha kwa sabuni, usiisimamishe kichwa chini kwenye kikombe.

Stika ya maji imeacha kivuli cha fedha

Nembo ya kikosi begani, inapendeza kwa mbele, ukiigeuza kwenye taa unaona ngozi angavu imeizunguka kwa weupe wa kifedha. Hiyo ni hewa. Rangi isiyong'aa haiko bapa hata kama jicho linaiona hivyo, ina vilima vidogo vidogo. Ngozi ya stika inakaa juu ya vilima, hewa inabaki mabondeni, na mwanga unagonga hewa hiyo na kurudi.

Kwa hiyo kazi ya stika inaanza kabla ya stika. Paka vanishi ya kung'aa mahali itakapokaa, iache ikauke. Loweka stika hadi iteleze, isukume kwa brashi juu ya tone la maji, iweke sawa, kausha kwa ncha ya tishu. Begani, ambapo mviringo unapinda pande mbili kwa pamoja, ngozi bapa haiwezi kulala bila mikunjo, hivyo ikate kidogo pembeni sehemu mbili au tatu, kwenye ngozi angavu, bila kugusa nembo. Kisha paka kilainishi cha stika. Itajikunja na kutisha. Usiiguse! Ikikauka itanyooka na kushika kila umbo chini yake. Funika kwa vanishi ya kung'aa ili ukingo upotee, halafu isiyong'aa juu ya vyote.

Iliyokwisha kukauka na fedha yake, itoboe kwa sindano sehemu kadhaa, paka kilainishi, rudia. Mara nyingi inapona.

Mwanga wa silaha unaonekana kama rangi iliyomwagika

Bunduki ya plazma, injini, macho ya roboti: kila mtu anataka ziwake. Zikishindwa, kagua mambo mawili. Chanzo cha mwanga lazima kiwe ndicho sehemu angavu kuliko zote, karibu na nyeupe katikati, na watu wengi hupaka bluu chanzo na bluu pembeni kwa nguvu ileile. Pili, mwanga hupiga nyuso zinazokiona chanzo tu. Weka jicho lako pale bunduki ilipo. Usichokiona kutoka hapo kisipate mwanga. Ukishayarekebisha hayo na bado hauwaki, tia giza kinachouzunguka, usiongeze mwangaza.

Vanishi imeota ukungu mweupe

Kazi ya wiki mbili, halafu ukungu. Tulia. Karibu kila mara inarudi.

Vanishi isiyong'aa huondoa mng'ao kwa kuufanya uso uwe na ukwaru mdogo mno kuonekana, unaotawanya mwanga. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, au tabaka likiwa zito, au unga wa kufifisha mng'ao ukiwa umelala chini ya kopo kwa sababu halikutikiswa, ule mtawanyo unapita kiasi na macho yanaona weupe. Rangi iliyo chini haijaguswa.

Jaza huo ukwaru. Paka vanishi ya kung'aa kwa brashi, tabaka jembamba, uangalie weupe ukipotea mbele yako. Tone la mafuta ya kula kwenye brashi hufanya kazi hiyohiyo kwenye pembe ndogo, ila usiyazidishe. Kisha subiri siku kavu na upulize isiyong'aa, tabaka mbili nyepesi badala ya moja. Mimi kwenye msimu wa mvua situmii kopo la vanishi kabisa, napaka kwa brashi, na chupa hiyo naiviringisha mkononi bila kuitikisa ili isitoe mapovu.

Kuvua rangi: lini, na kwa nini isiwe kila mara

Vua kama maumbo yamezibwa. Kama ni rangi tu hujaipenda, paka juu yake. Alkoholi ya isopropili huvua akriliki kwenye polistireni na chuma, kwa mswaki na subira. Kwenye resini ijaribu kwanza kwenye kipande cha fremu au chini ya kitako, maana baadhi ya resini hulainika. Asetoni huvua rangi kwenye chuma vizuri na kuyeyusha plastiki vizuri vilevile, kwa hiyo hakikisha unajua ulichokishika.

Mezani: anayeanza ndiye anayeshinda

Sasa upande wa pili. Zamu ya kwanza, mizinga ya mpinzani inafyatua, robo ya jeshi lako inarudi kwenye boksi kabla hujagusa dadu. Watu hulaumu kanuni au orodha ya jeshi. Kagua kwanza meza.

Inama mpaka jicho lako liwe sawa na vitako, upande wako wa kuanzia, kisha tazama mbele. Ukiona vijisanamu vya mpinzani kutoka kona hadi kona, majengo ni machache au ni mafupi. Kwenye meza ya inchi 44 kwa 60, ambayo hutumika sana kwa mchezo wa Warhammer 40,000, unataka vizuizi virefu katikati na si kingoni tu, na magofu yenye umbo la pembe ambayo kikosi kizima kinaweza kujificha nyuma yake. Magofu mengi yana madirisha kila upande na yanapendeza, lakini hayafichi mtu. Kubalianeni kabla ya mchezo kwamba madirisha ya ghorofa ya chini yamezibwa.

Kama mmepanga meza vizuri na bado inatokea, ni mfumo wa zamu: upande mmoja unasogeza na kufyatua jeshi lote ndipo mwingine ajibu. Michezo ambayo wachezaji hupokezana kikosi kwa kikosi haina ugonjwa huu kwa kiasi hicho.

"Askari wangu hawaui kitu"

Piga hesabu kabla ya kulaani dadu. Katika mfumo wa kurusha kulenga, kujeruhi, kisha mpinzani kujiokoa, risasi hupungua kila hatua. Chukua risasi 20 nyepesi dhidi ya askari wa deraya nzito mwenye majeraha 2, yaani haanguki mpaka ajeruhiwe mara mbili. Kulenga kwa dadu ya 3 au zaidi: zinabaki kama 13. Kujeruhi kwa 5 au zaidi: kama 4 na nusu. Anajiokoa kwa 3 au zaidi: inapita moja na nusu. Risasi 20, na hata askari mmoja hajaanguka. Sasa chukua risasi 4 za plazma: zinalenga kwa 3, zinajeruhi kwa 3, deraya imetobolewa mpaka anahitaji 5 kujiokoa, na kila moja inatoa majeraha 2. Inapita moja na ushee, na askari mmoja yuko chini. Dadu hazikuwa na chuki. Zilielekezwa kwa mtu asiyefaa.

BattleTech, mchezo wa roboti za vita ulioanza mwaka 1984, una ugonjwa wake: dadu mbili zinajumlishwa, na hapo kila nyongeza ya 1 haina uzito sawa. Kupata 6 au zaidi ni asilimia 72. Kupata 8 au zaidi ni 42. Kupata 10 au zaidi ni 17. Namba unayotakiwa kufikisha ili ulenge, kwa rubani wa kawaida, inaanza na 4. Roboti yake imekimbia, ongeza 2. Shabaha iko umbali wa kati, ongeza 2. Shabaha nayo imesogea hatua 5, ongeza 2. Umefika 10, unafyatua kila bunduki uliyonayo, unakosa, na joto la roboti limepanda. Ungetembea badala ya kukimbia na kusogea hadi umbali wa karibu, ungehitaji 7, ambayo ni asilimia 58. Dalili ilikuwa kukosa. Chanzo kilikuwa miguu.

Mchezo hauishi, na ugomvi hauishi

Mchezo mrefu mno husababishwa na maamuzi, mara chache na dadu. Amua utakachofanya wakati wa zamu ya mwenzako. Rusha dadu za kikosi kizima kwa pamoja. Na kama hamjazoea kanuni, chezeni na nusu ya pointi, yaani majeshi madogo zaidi.

Ugomvi wa vipimo unatibiwa kwa kusema nia kabla ya kupima: "Namsogeza huyu awe nje ya inchi 12 kutoka kwa kifaru chako, tumekubaliana?" Mwenzako akikubali, kijisanamu kikija kusukumwa na mkono wa shati nusu inchi, hakuna kesi. Ni hivyohivyo kwa mstari wa kuona: ulizeni wakati wa kusogea, msingoje wakati wa kufyatua.

Vijisanamu vinavyoanguka kwenye miteremko, weka sumaku au sarafu chini ya kitako. Kikigoma bado, weka dadu mahali kilipotakiwa kusimama na kishikwe mkononi.

Na mkishuku dadu, itieni kwenye maji yenye chumvi nyingi ielee, iguseni izunguke mara kadhaa. Ikijirudisha upande uleule kila mara, uzito wake hauko sawa, itupeni. Nyingine zirushwe ndani ya sinia lenye kingo, na mkubaliane kabla ya kuanza kwamba iliyolala mshazari au iliyoanguka chini ya meza inarushwa tena, hata kama ilionyesha sita.